Masika Bila Harufu

9 Machi

Daktari wa masikio, pua na koo ameniambia niandike. Kila siku, hata mstari mmoja: nimesikia harufu gani, nikiwa wapi, ikadumu vipi. Nikamuuliza, na nisiposikia chochote? Akasema, "Andika hujasikia chochote. Hilo nalo ni jibu."

Basi naandika. Mimi ni mpishi wa steki. Nimesimama mbele ya bamba la moto la hoteli moja tangu ndevu zangu hazijakomaa, mpaka wenzangu wakaacha kuniita kwa jina, wakaniita Bwana Moto. Mwezi uliopita sakafu ya jikoni ilikuwa imetoka kuoshwa, nikateleza, nikaangukia kisogo. Fuvu halikuvunjika. Nilipozinduka hospitali, nesi alikuwa ananipaka spiriti mkononi, nami nikadhani ni maji.

Daktari anasema nyuzi za kunusia ni nyembamba kuliko utando wa buibui, na zinapita kwenye kifupa kilichotoboka kama chujio. Kichwa kikitikiswa vibaya zinakatika. Zinaweza kuota tena, na zinaweza zisiote. "Tusubiri masika yapite," akasema, kama mtu anayeuza mbegu.

Ulimi ni mzima. Chumvi naijua, sukari naijua, ndimu naijua, na uchungu pia. Lakini nyama, kitu nilichokijua kuliko nyumba yangu, imekuwa kitambaa kilicholowa maji ya chumvi.

Hotelini nimesema nina kizunguzungu tu. Mpishi mkuu, tunayemwita Kofia kwa sababu haivui hata akienda msalani, amenipa mapumziko. Mvua zikikatika wageni watajaa, na siku nitakayorudi steki ya kwanza ataila yeye mwenyewe. Hiyo ndiyo desturi yake kwa yeyote aliyekaa mbali na moto.

Harufu: hakuna.

10 Machi

Hakuna.

11 Machi

Mvua ya kwanza. Mke wangu alifungua dirisha akavuta pumzi mpaka mabega yakapanda. "Aa! Udongo huo!" Kisha akanikumbuka, akalifunga polepole, kama mtu aliyecheka msibani. Nikamwambia aliache wazi.

14 Machi

Nimeamua. Kama pua imekufa, nitapika kwa mikono, macho na masikio. Nitafanya mazoezi hapahapa nyumbani, na siku ya Kofia ikifika hatajua kitu.

Lakini jiko la nyumbani si la hoteli. Hili letu lina mafiga mawili ya gesi, moja limeziba. Kikaango ni chepesi kama kifuniko cha chupa. Nilitia kipande kinene cha sarara, nyama laini ya mgongo, kikaango kikapoa palepale, nyama ikatoa maji, maji yakachemka. Nikapata steki ya kijivu, rangi ya soksi ya zamani.

Mama mkwe alikuwa kwenye stuli yake mlangoni mwa jikoni. Ameishi nasi tangu goti lake lilipoanza kumsaliti, na stuli hiyo ndiyo kiti chake cha enzi. Anaona kila kinachoingia sufuriani na hana haya ya kukisema.

"Mkwe wangu, na huko hotelini watu walikuwa wanaila hivi, au wanawaachia paka?"

Nikakwangua kikaango. Mwanamke huyu ulimi wake ni wembe. Mke wangu aliporudi kutoka saluni kwake, akatafuna, akatafuna, akasema, "Tamu."

Harufu: hakuna.

16 Machi

Hakuna. Nimenunua kikaango cha chuma kizito. Mke wangu alikipokea kwa mikono miwili akacheka kwamba sasa hata mwizi tumempatia dawa.

18 Machi

Leo nimejifunza kitu ambacho sikukijua miaka yote, na kimenichoma.

Jirani yetu, fundi redio, aliingia bila hodi kama kawaida yake. Huyu bwana kila kitu amekiona kwenye simu. "Kaka, siri ni kuziba matundu! Moto mkali kwanza, unafunga nyama, maji yake hayatoki tena. Halafu unageuza mara moja tu, ukigeuza mara mbili umeharibu." Nikamjibu kwamba maneno hayo nilikuwa nayasema kabla simu yake haijazaliwa. Ni kweli. Kila mwanagenzi aliyepita mikononi mwangu nilimwambia hivyohivyo, kwa kuwa nami niliambiwa hivyohivyo.

Nilikausha nyama kwa kitambaa safi, nikaacha chuma kipate moto mpaka tone la maji likakimbia juu yake, nikailaza. Tssss! Kwa kuwa sina pua, nikainamisha sikio. Ganda zuri la kahawia likajitengeneza chini, nikageuza, na la pili likajitengeneza. Sasa imezibwa pande zote, sivyo? Basi kikaango kinyamaze. Maana kelele ile si ya nyama wala ya mafuta, ni ya maji yanayogusa chuma cha moto. Hakikunyamaza. Kililia vilevile mpaka nilipotoa nyama, na kwenye sahani ikaacha kidimbwi.

Ganda halizuii kitu. Ganda ni la utamu na harufu tu. Nikajaribu kipande cha pili, nikakigeuza kila mara, bila kujali, kama mtu anayegeuza mgonjwa kitandani. Kikaiva sawasawa zaidi kuliko cha kwanza, bila ule ukingo mpana wa kijivu.

Fundi redio alikula vyote viwili na bado akashikilia kwamba matundu yamezibwa. Mimi nilikaa nikitazama mikono yangu. Niliwafokea vijana wangapi kwa kugeuza nyama mara mbili?

Sisi huwa tunasema kusikia harufu. Mimi nimebaki na nusu ya kwanza ya maneno hayo.

19 Machi

Hakuna.

21 Machi

Hakuna. Mke wangu: "Tamu."

26 Machi

Mvua haikati. Nguo hazikauki, kuta zina jasho, hata chumvi imeshikana koponi. Nyama inafika kutoka buchani imelowa, na nyama iliyolowa haikaangiki, inachemka tu. Naitia chumvi asubuhi, naiweka kwenye jokofu bila kuifunika, ikifika jioni ngozi yake imekauka kama karatasi. Wanaosema chumvi ya mapema inakausha nyama ndani, waje waone. Inayoharibu ni ile unayotia ukangoja kidogo tu, ikavuta maji juu ukaiingiza kikaangoni yakiwa bado yamesimama.

Nimekata kipande mbele ya Mama mkwe, kikiwa chekundu katikati. Akasogeza sahani mbali kwa kidole kimoja.

"Damu hiyo. Mimi si fisi."

"Si damu, Mama. Damu ilibaki machinjioni. Haya ni maji ya nyama yenyewe, yana rangi tu. Ingekuwa damu ingeganda."

"Wewe unasema maji. Mimi naona nyekundu. Nirudishie motoni."

Nikairudisha motoni mpaka ikawa soli. Akaila yote, akalamba na kidole. Kisha akasema, "Siagi umeiacha ikapitiliza, lakini si mbaya."

Siagi imepitiliza! Niliitazama rangi yake, nikaona iko sawa. Usiku kucha... hapana, nisidanganye, nililala. Lakini nililala na hasira. Nilimwona ananitafutia makosa.

27 Machi

Hakuna.

30 Machi

Hakuna, hakuna, hakuna.

5 Aprili

NIMESIKIA HARUFU.

Nilikuwa nafunga kamba za viatu. Ikaja mara moja, mpira unaoungua, kali, mpaka macho yakanisimama. Niliruka. Nilipiga kelele, "Kitu kinaungua!" huku nacheka kama mwendawazimu. Nikafungua jiko, nikanusa nyaya, nikatoka nje kwenye mvua nikazunguka nyumba. Mke wangu alitoka na taulo kichwani.

"Wapi? Mimi sisikii kitu."

"Mpira! Mpira unaungua!"

Mama mkwe aliinua pua juu kutoka kwenye stuli, akaigeuza huku na huku, kisha akashusha kichwa. "Hakuna kinachoungua, baba."

Huwa ananiita mkwe. Leo ameniita baba, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayezungumza na mtoto mwenye homa. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa.

7 Aprili

Daktari amesema ile ni harufu ya uongo. Nyuzi zilizokatika wakati mwingine zinapiga kelele zenyewe, kama redio isiyoshika stesheni. Nikamuuliza kama hiyo ni dalili njema. Akaangalia karatasi zake. "Inaweza kuwa."

Ile ya mpira inakuja na kuondoka. Nikila, mpira. Nikimbusu mke wangu, mpira. Ningeshukuru ukimya.

10 Aprili

Kofia amepiga simu. Anasema aliyeshika nafasi yangu anababua nyama na wageni wanarudisha sahani. "Bwana Moto, kizunguzungu hicho hakiishi tu? Tunakuhitaji." Nikasema karibu kinaisha. Nilipokata simu shati lilikuwa limenigandia mgongoni.

12 Aprili

Nimefanya jambo baya kidogo.

Kila siku mke wangu anasema tamu. Ikiiva vizuri, tamu. Ikiwa soli, tamu. Leo Mama mkwe alikuwa amelala na goti lake. Nikapika steki, nikayeyusha siagi juu yake, na kwenye siagi nikamimina vanila ya keki, kijiko kizima. Nikamwekea mezani. Niliona midomo yake ikisita. Niliona akimeza bila kutafuna.

"Vipi?"

"Tamu, mwenzangu."

"Nimetia vanila."

Akaweka uma chini. Hakukasirika, na hilo ndilo lililonimaliza. Aliinama akaanza kulia, machozi yakidondokea kwenye ile nyama. "Ulitaka niseme nini? Kila jioni unanitazama mdomoni kama mtu anayesubiri hukumu. Ulitaka niseme nini?"

Kama mtu anayenipenda kuliko wote hawezi kuniambia ukweli wa sahani moja, basi mimi napika gizani.

13 Aprili

Sikupika.

14 Aprili

Sikupika. Mvua.

17 Aprili

Nimelala nikitazama ukuta. Unyevu umechora ramani juu yake. Mke wangu anaondoka asubuhi, anarudi jioni na harufu za saluni ambazo zamani nilizijua moja moja: mafuta ya nazi, nywele zilizopigwa pasi, dawa ile ya kulainisha. Sasa anaingia kama picha.

Mama mkwe anapita mlangoni mwa chumba akiburuta mguu. Anasimama kidogo. Kisha anaendelea. Nilidhani anafurahi jikoni kumebaki kwake.

20 Aprili

Mpira.

22 Aprili

Umeme umekatika tangu jana. Wanasema nguzo imelala barabarani na maji yamezunguka. Mishumaa.

24 Aprili

Umeme umerudi asubuhi. Jokofu limeanza kunguruma tena. Sijaamka.

25 Aprili

Naandika haya kwenye benchi la hospitali. Nitaandika yote kama yalivyokuwa.

Asubuhi niliamka na kujiambia, mwanamume gani huyu anayelala kifudifudi kama gunia? Nikaoga. Nikavaa aproni. Mke wangu alikuwa ameshakwenda saluni. Kwenye jokofu kulikuwa na kipande cha sarara nilichokitia chumvi kabla sijaangukia kitandani. Nilikishika. Kilikuwa kinateleza kidogo. Nikasema masika haya, kila kitu kinateleza. Nikakitazama kwenye mwanga wa dirishani, nao ulikuwa mwanga wa mvua, wa kijivu, rangi zote zinafanana. Niliwaza juu ya umeme, nisiseme sikuwaza. Niliwaza, nikajijibu: Mama mkwe hali nyama isiyoiva kabisa, nitaipika mpaka ndani, na moto hausazi kitu. Hivyo ndivyo tunavyosema wapishi. Moto hausazi kitu.

Nikatia pilipili manga nyingi, vitunguu saumu vingi, maana mkono wangu siku hizi hauna breki. Nikaipika mpaka kipimajoto kikasema imeiva na kupita. Nikampelekea mwenyewe pale kwenye stuli, nimeshika sahani kwa mikono miwili.

Alinitazama. Akaitazama sahani. Nikamwona anashusha pumzi. Akasema, "Umeamka."

"Nimeamka, Mama."

Akala. Hakusema imepitiliza, hakusema imepungua. Alikula polepole mpaka mwisho, akanirudishia sahani, akasema ahsante. Nilirudi jikoni nimefurahi. Nilifurahi, Mungu wangu! Niliosha kikaango nikipiga mluzi. Mimi sikula, kwa kuwa kwangu nyama yote ni mpira.

Mchana ulipoanza kuinama nikamsikia anaguna. Nilipotoka alikuwa ameinama juu ya ndoo. Akatapika mpaka hakikubaki kitu, kisha akaendelea kutapika hicho ambacho hakipo. Tumbo likamfungukia. Alikuwa anaona haya mbele yangu, mkwewe, akawa ananifukuza kwa mkono, "Toka, baba, toka, muite mwanangu," na huku magoti hayamshiki. Nilimbeba. Sikujua ni mwepesi hivyo. Mikono yake ilikuwa baridi na midomo imekauka.

Fundi redio alitoa gari lake la kubebea spika. Tukamlaza nyuma kwenye godoro, turubai juu, mimi nimelishika lisipeperuke. Barabara ya kwanza ilikuwa mto. Tukarudi nyuma. Ya pili ikawa na lori lililozama. Fundi redio, mtu wa maneno mengi kuliko wote ninaowajua, hakusema neno hata moja, na ukimya wake ulinitisha kuliko maji. Chini ya turubai Mama mkwe alikuwa amenishika kidole kimoja. Kila gari liliporuka kwenye shimo alikibana, na kila alipokibana nilisema, Bado yupo. Halafu akaacha kubana. Nikapiga paa la gari kwa ngumi kama ngoma.

Tulifika. Wakamchukua. Mke wangu alikuja, na mteja wake wa saluni, aliyesukwa nusu kichwa, nyuma yake ameshika mwavuli. Aliniuliza, "Amekula nini?"

Nikamwambia.

Hakupiga kelele. Alikwenda kukaa benchi la upande wa pili.

26 Aprili

Hajafumbua macho. Maji yanaingia mkononi kwa mpira. Wanasema figo zimechoka, wanasubiri kuona kama zitaamka.

Nesi mkubwa wa wodi aliniuliza nyama ilikaa vipi. Nikamweleza, nikamalizia, "Lakini niliipika mpaka ndani. Moto uliua kila kitu."

Akatikisa kichwa. "Moto unaua vijidudu, kaka. Hauui sumu ambayo vimekwisha kuiacha. Vimeshakula, vimeshatema, vimekufa, sumu iko palepale. La kuvunda halina ubani, na halina moto pia."

Nilipita nikasimama dirishani. Nimewafundisha watu kupika maisha yangu yote.

27 Aprili

Mke wangu bado anakaa benchi lile lingine. Nilimpelekea chai, akaipokea. Hakuinywa.

28 Aprili

Amefumbua macho. Amekojoa, na daktari akatutangazia hilo kwa tabasamu kama vile amezaliwa mtoto.

Niliruhusiwa kuingia. Amekuwa mdogo kwenye shuka. Nilipiga magoti kando ya kitanda, nikaanza kuomba msamaha, akainua mkono kunizuia.

"Mama, mimi sikusikia. Nyama ilikuwa imeoza na mimi sikusikia."

"Mimi nilisikia."

Nilidhani homa inazungumza.

"Nilisikia tangu uko kwenye ubao," akasema. "Pilipili yako yote ile haikuficha kitu."

"Mbona ukala?"

Alifumba macho nikafikiri amelala. Kisha akasema, "Siku zote hizo umelala kifudifudi, mwanangu anarudi kazini anajifungia bafuni kulia. Halafu nasikia kisu. Nasikia unaoga, unapika. Unakuja na aproni yako umeshika sahani kama mtoto aliyeshinda zawadi. Ningeanzaje kukwambia umenipikia uozo?"

"Ungesema! Wewe kila siku unasema, Mama! Siagi, chumvi, damu, kila siku unasema!"

"Siku zile ulikuwa na nguvu za kusemwa."

Nililia nimeweka uso kwenye godoro la hospitali. Ulimi ule niliouita wembe ulikuwa unanipima kila siku kama nimesimama imara, nami sikujua. Siku uliponyamaza ndipo ulipotaka kumuua mwenyewe. Nilisikia mkono kwenye kisogo changu, palepale nilipoangukia.

"Tuapiane," akasema. "Mimi sitakula tena uongo wako. Na wewe usiupike."

Niliapa.

30 Aprili

Mke wangu amehamia benchi langu. Aliegemeza kichwa chake begani kwangu akalala.

3 Mei

Mama mkwe amerudi nyumbani. Hataki stuli bado, yuko kitandani. Uji na wali laini. Anapika mke wangu. Mimi jikoni siingii. Nikipita mlangoni nageuza uso.

5 Mei

Hakuna. Hata mpira haupo.

8 Mei

Mvua imepungua. Kofia alipiga simu jana: wageni wanaanza kuingia, njoo kesho. Nilikwenda leo, nimevaa nguo za mtaani.

Alikuwa stoo anahesabu kuku. Nikamwambia bila kuzunguka: sina kizunguzungu, sina pua. Sijawahi kuwa nayo tangu nianguke.

"Tangu kuanguka?"

"Ndiyo."

"Na ulikuwa uniletee steki nile?"

"Ndiyo."

Alivua kofia. Nilikuwa sijawahi kuona kichwa chake. Kina kovu refu la kuungua, la zamani. Akakaa juu ya gunia la viazi. Nikamweleza na ya Mama mkwe. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Siwezi kukurudisha kwenye moto, ndugu yangu."

"Najua."

"Ningesema uje hapa stoo, lakini hapa ndipo panapotaka pua kuliko kote."

Tukacheka wote wawili, kicheko kibaya kilichokufa katikati. Alikwenda jikoni akarudi na koleo langu la kugeuzia nyama, limeoshwa limefungwa kwenye taulo, akanipa. Nilitoka kwa mlango wa nyuma, ule wa mapipa ya taka, nikapita katikati ya mapipa yale nisisikie chochote.

9 Mei

Leo sina cha kuandika. Mimi ni nani basi?

13 Mei

Jua. Mke wangu ameanika magodoro yote. Anasema nimekonda. Anasema hajui afanye nini na mimi. Aliposema hivyo hakujaribu kutabasamu, nami nikamshukuru moyoni.

16 Mei

Mama mkwe amerudi kwenye stuli. Amezishikilia kingo zake kwa mikono miwili kabla ya kukaa, kama mtu anayeshuka kwenye maji baridi.

20 Mei

"Nimechoka na uji," amesema leo asubuhi. "Mimi si mtoto mchanga."

Mke wangu akasema atamtengenezea mchuzi. Mama mkwe akasema hataki mchuzi, anataka steki. Mke wangu akanitazama. Nikatoka nje.

22 Mei

Amesema tena. Nikamwambia, "Mama, mimi nilitaka kukuua." Akasema, "Basi nusu umeshindwa. Njoo umalizie." Mke wangu alikasirika na utani huo mpaka akabamiza mlango.

24 Mei

Leo mbingu ni safi, hakuna hata wingu. Nimekwenda buchani mwenyewe, nikasimama mpaka nikaona nyama ikikatwa kutoka kwenye paja lililofika asubuhi ileile. Hata hivyo njia nzima nilitembea nimeshika mfuko mbali na mwili kama umebeba nyoka.

Nilipofika mlangoni mwa jikoni nikasimama. Mama mkwe akanyoosha mkono kutoka kwenye stuli. "Lete."

Nikampa. Akafungua karatasi, akaisogeza nyama puani, akanusa upande wa kwanza, akaigeuza, akanusa wa pili. Hakuharakisha. Mke wangu alisimama nyuma yake ameziba mdomo.

"Hii ya leo," akasema. "Pika."

Niliikausha. Nikatia chumvi palepale. Nikasubiri chuma. Nilipoilaza ikalia, na mimi nikainama juu ya sauti ile kama mtu anayesikiliza kifua cha mgonjwa. Nikageuza, nikageuza tena. Mwisho nikatia siagi na kitunguu saumu, nikainamisha kikaango, nikaanza kuinywesha kwa kijiko.

"Kitunguu saumu kinaungua!" sauti ikatoka mlangoni.

Nilitazama. Kwa macho yangu kilikuwa bado cha dhahabu. "Kinaungua sana au kidogo?"

"Kinaungua! Unataka nikuandikie barua?"

Nikamwaga siagi yote, nikapangusa kikaango, nikaanza upya na siagi nyingine. "Sasa?"

"Sasa inanukia. Subiri. Bado. Bado... Haya, toa!"

Nikatoa. Nikaiacha ipumzike kwenye ubao, yeye akilalamika kwamba nyama haijafanya kazi yoyote ya kuchosha, kwa nini ipumzike. Nikaikata. Katikati ilikuwa ya waridi, na kabla hajasema kitu nikairudisha motoni kwa ajili yake. Nikaweka mezani.

Alitafuna muda mrefu. Nilikuwa nimeshika ukingo wa meza. Moyo ulinipiga kuliko siku yoyote mbele ya Kofia.

"Ikoje, Mama?"

"Pembeni ngumu. Na pilipili umeitupa yote upande mmoja. Huku inawasha, huku ni kama umesahau."

"Mama, jamani!" mke wangu akasema. "Si umwambie tu ni nzuri?"

Nikamwomba mke wangu amwache. Nikavuta kiti mpaka magoti yetu yakakaribiana, mimi na mama mkwe wangu, na kwa mara ya kwanza tangu mvua zianze nilikuwa na njaa.

"Endelea, Mama," nikasema. "Na nini tena?"